Mti wa Ukoo Uhesabiwe Kabla ya Kuhamishwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi katika mambo ya biashara. Mimi nataka kuitumia kwa daftari la namna nyingine, yaani kumbukumbu za nasaba zinazotunzwa ndani ya kompyuta, na kuongeza jambo moja juu yake: hata mali yenye daftari hupotea bila habari, iwapo daftari lenyewe litahamishwa bila kuhesabiwa.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepewa na mwalimu wake kazi ya kuandika mti wa ukoo. Huenda kwa bibi yake, huuliza, huandika, kisha huingiza majina katika programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Miaka hupita. Bibi hufariki. Kompyuta huchakaa, programu hupata toleo jipya, na siku moja yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mtu mzima, hukubali kuhamia katika toleo hilo. Skrini humwambia kwamba kazi imekamilika. Naye hufurahi na kuendelea na shughuli zake.

Maoni yangu ni kwamba furaha hiyo haina msingi wa kisayansi. Kompyuta imesema kwamba imemaliza kazi. Haikusema kwamba haikupoteza kitu. Kuthibitisha jambo hilo la pili ni wajibu wa mwanadamu, na ni wajibu unaopasa kufundishwa shuleni kama vile tunavyofundisha kupima na kurekodi katika maabara.

Kwa nini jambo hili si dogo

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kila mtu ana wazazi 2, na wazazi wa wazazi wake ni 4, na wa nyuma yao ni 8. Tukifika kizazi cha 5 tunapata watu 32, na jumla ya wazazi katika vizazi hivyo vyote 5 ni watu 62. Tukiongeza ndugu, wajomba, mashangazi, wake wenza na watoto wao, hesabu hufika mamia kwa urahisi. Hakuna mtu awezaye kutambua kwa kutupa jicho tu kwamba katika mamia hayo wamepungua watu 7.

Tena, mti wa ukoo si pambo la kutundika ukutani. Kwa Baganda, kwa mfano, mtu haoi katika ukoo wa baba yake. Basi anayejua nasaba yake anajua pia wapi hapaswi kuposa. Katika mirathi jambo huwa zito zaidi. Sheria ya mirathi ya Kiislamu hutenganisha ndugu wa baba na mama mmoja, ndugu wa kwa baba, na ndugu wa kwa mama. Iwapo marehemu hakuacha mtoto wala mjukuu, wala baba wala babu, ndugu mmoja wa kwa mama hupata fungu moja la 6, na wakiwa wawili au zaidi hugawana fungu moja la 3. Ndugu wa kiume wa kwa baba hana fungu la namna hiyo. Yeye yumo katika kundi la wanaopokea kinachobaki baada ya wenye mafungu kupewa haki zao. Sasa fikiri, ndugu msomaji, kwamba katika kuhamisha kumbukumbu, uzi unaomwunganisha mtoto mmoja na mama yake umekatika. Jina lake limebaki, tarehe yake imebaki, lakini yeye si ndugu wa yule aliyekuwa ndugu yake. Hakuna aliyeiba kitu, na hata hivyo haki ya mtu imepotea katika maandishi.

Zamani wazee walizihifadhi nasaba kichwani kwa kuzikariri mbele ya vijana, na pwani wako walioziandika kwa herufi za Kiarabu. Njia hizo zilikuwa na kasoro zake, lakini zilikuwa na sifa moja kubwa: mzee akikosea jina, mzee mwenzake humsahihisha papo hapo. Kompyuta haina mzee mwenzake. Sisi ndio tunaopaswa kuwa wazee wenzake.

Programu nazo zina umri

Wako wanaodhani kwamba, wakishaingiza taarifa katika kompyuta, wamezifikisha bandarini na safari imekwisha. Historia inaonyesha kinyume. Mwaka 1984 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake makuu Salt Lake City nchini Marekani, lilitoa kanuni ya kuandika nasaba iitwayo GEDCOM, ili programu mbalimbali ziweze kupeana taarifa. Faili ya GEDCOM ni maandishi ya kawaida. Kila mstari huanza na tarakimu inayoonyesha ngazi: 0 huanzisha kumbukumbu ya mtu au ya familia, 1 hutaja jambo linalomhusu, kama kuzaliwa, na 2 hueleza jambo hilo, kama tarehe na mahali. Kanuni hiyo yenyewe imekuwa ikibadilika. Toleo la 5.5 lilitoka mwaka 1996, la 5.5.1 likafuata mwaka 1999, na la 7.0 likatolewa mwaka 2021.

Kama kanuni hubadilika, programu ndizo zaidi. Personal Ancestral File, iliyotengenezwa na kanisa hilohilo, ilisimamishwa mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 2015 kampuni ya Ancestry ilitangaza kwamba ingeacha kuuza Family Tree Maker, na watumiaji wake walikaa katika wasiwasi mpaka kampuni ya Software MacKiev ilipoichukua mwaka 2016. Kwa hiyo swali si kama tutahamisha kumbukumbu zetu au hatutahamisha. Tutahamisha, na watoto wetu watahamisha tena. Swali ni kama tutahamisha kwa kujua au kwa kubahatisha.

Kunakili si kutafsiri

Hapa pana tofauti ambayo napenda walimu waisisitize. Kunakili faili ni kutoa faili nyingine iliyo sawasawa na ya kwanza, herufi kwa herufi. Kuhamisha kumbukumbu kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya ni jambo jingine kabisa: ni kutafsiri. Programu mpya husoma mpangilio wa zamani, kisha huandika upya kwa mpangilio wake yenyewe. Kama ilivyo kwa mfasiri wa lugha, inapokutana na neno isilolijua huweza kulibadilisha, kulisogeza pembeni, au kuliacha. Mara nyingi haina haja ya kupiga kelele inapofanya hivyo. Hasara hizi za kimya naziona katika sehemu nne.

Kwanza ni herufi. Kompyuta haitunzi herufi bali hutunza namba, na namba ileile huweza kusomwa kwa majedwali tofauti. Matoleo ya zamani ya GEDCOM yaliruhusu majedwali kadhaa. Toleo la 7.0 linaruhusu moja tu, liitwalo UTF-8. Faili iliyoandikwa kwa jedwali moja ikisomwa kwa jedwali jingine, majina huharibika. Jina Nyang'oro, iwapo liliandikwa kwa alama ya kupinda, huweza kugeuka Nyang’oro. Jina la Kikuyu Mũgo huweza kugeuka MÅ©go. Majina yasiyo na alama yoyote hubaki salama, na kwa sababu hiyo mwenye kumbukumbu huangalia ukurasa wa kwanza, akaona majina mazuri, akaridhika.

Pili ni tarehe. Familia nyingi za pwani huhifadhi tarehe za Hijria. GEDCOM, katika matoleo niliyoyataja, inatambua rasmi kalenda ya Gregori, ya Juliasi, ya Kiyahudi na ile ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kalenda ya Hijria haina nafasi rasmi pamoja nazo. Sasa, mwaka 1350 wa Hijria ulianza mwaka 1931 na kumalizika mwaka 1932. Alama ya kalenda ikidondoka njiani na tarakimu zikabaki, babu aliyezaliwa wakati wa ukoloni wa Mwingereza atahesabiwa kuwa aliishi karne ya 14.

Tatu ni picha na sauti. Faili ya kawaida ya GEDCOM haibebi picha. Hubeba tu maelezo ya mahali picha ilipo katika kompyuta ya zamani. Ukihamia kompyuta mpya bila kuchukua picha zenyewe, utakuwa na anwani ya nyumba iliyobomolewa. Toleo la 7.0 limeleta njia ya kufunga maandishi na picha katika furushi moja, lakini si programu zote zinazoitumia.

Nne ni maelezo ya pembeni. Kila programu hupenda kuongeza mambo yake ambayo kanuni ya pamoja haikuyataja. Katika GEDCOM mambo hayo huandikwa kwa alama zinazoanza na mstari wa chini, na programu nyingine ina haki ya kuyapuuza. Humo ndimo huweza kuwa undugu wa kunyonya, au maneno kama haya: bibi alisema hivi, lakini mjomba alikataa. Kwa mtafiti, maneno hayo ya mwisho yana thamani kuliko tarehe kumi, kwa sababu yanaonyesha habari ilitoka kwa nani na ni ya kuaminika kiasi gani.

Utaratibu ninaoupendekeza

Nitachukua mfano wa programu iitwayo Gramps, iliyoanzishwa mwaka 2001, kwa kuwa hutolewa bure na kanuni zake ziko wazi kwa yeyote atakaye kuzisoma. Matoleo yake ya zamani yalihifadhi taarifa kwa mfumo wa Berkeley DB, na ya karibuni hutumia SQLite. Toleo jipya likifungua hifadhi ya zamani huweza kuibadilisha iwe ya mpangilio mpya, na baada ya hapo toleo la zamani haliwezi kuifungua tena. Huo ni mlango wa kuingilia usiokuwa wa kutokea. Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanywa ndani ya toleo la zamani, wakati bado linafanya kazi.

Humo, mwenye kumbukumbu atumie kwanza kifaa cha programu cha kukagua na kurekebisha makosa, ili asisafiri na mtumbwi wenye tundu. Kisha atoe nakala ya akiba kwa muundo wa XML wa Gramps yenyewe. Faili hiyo ni maandishi yaliyobanwa, ambayo hata bila Gramps yanaweza kufunguliwa na kusomwa. Kama kuna picha, atoe pia furushi linalobeba maandishi na picha pamoja. Katika kutoa nakala, aangalie kwa makini chaguo la kuwaficha watu walio hai au kumbukumbu za siri. Chaguo hilo ni jema unapompa mtu mwingine mti wako. Lakini likiachwa limewashwa wakati wa kutoa nakala ya akiba, wote walio hai hawataonekana humo kama walivyo.

Baadaye aandike katika daftari la karatasi hesabu zote: watu wangapi, familia ngapi, matukio mangapi, vyanzo vingapi, picha ngapi. Nakala aziweke katika mahali pawili mbali na kompyuta hiyo, kwa mfano katika flashi moja na katika diski ya nje ya ndugu anayeaminika. Nakala hizo zina habari za watu walio hai, kwa hiyo si za kusambazwa ovyo. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Hapo ndipo aweke toleo jipya, afungue mti mtupu, na kuingiza nakala ile ndani yake. Asifute cha zamani. Aandike hesabu mpya kando ya zile za mwanzo. Zikitofautiana hata kwa moja, asiendelee mpaka ajue sababu. Anayehama programu moja kwenda nyingine kabisa mara nyingi hupitia GEDCOM, na yeye ana haja ya uangalifu maradufu, kwa maana mfasiri wake ana msamiati mdogo zaidi. Anayebaki katika programu ileile na kubadili toleo tu, atumie muundo wa programu hiyo.

Hesabu zikilingana, kazi bado haijakwisha, maana watu 400 wanaweza kufika wote huku wengine wakiwa wamepewa wazazi wasio wao. Inafaa kuchagua watu kwa kura na kuwakagua mmoja mmoja. Wangapi? Hapa mwalimu wa hisabati ana somo zuri. Tuseme katika mti mkubwa kumbukumbu 5 katika kila 100 zimeharibika. Ukikagua mtu mmoja, nafasi ya kumkuta mzima ni 0.95. Ukikagua 20, nafasi ya kuwakuta wote wazima ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani karibu 0.36, maana yake una nafasi ya asilimia 64 tu ya kuugundua uharibifu. Ukikagua 60, nafasi hiyo hupanda mpaka asilimia 95. Anayekagua watu watatu anaowapenda, yaani yeye, baba na mama, hajakagua kitu. Zaidi ya kura hiyo, wakaguliwe kwa makusudi wale wenye matatizo: wenye alama katika majina, wenye tarehe za Hijria, wenye baba wa wake wengi, na waliolelewa na wasiowazaa.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba ni bora kubaki na kompyuta ya zamani bila kubadilisha chochote. Nawaheshimu, lakini wanaahirisha tu. Siku kompyuta hiyo itakapokataa kuwaka, watalazimika kuhama bila fursa ya kutoa nakala, na huko ndiko kuhama kubaya kuliko kote.

Wengine watasema turudi kwenye karatasi. Nami naiunga mkono karatasi, lakini kama shahidi wa pili. Karatasi iliyochapwa mara moja kwa mwaka na kuwekwa katika sanduku la nyumbani haihitaji umeme wala toleo jipya. Hata hivyo huliwa na mchwa, haiwezi kutafutwa kwa haraka, na ndugu walio mbali hawaioni.

Wengine watasema tukabidhi kila kitu kwa kampuni kubwa za ng'ambo. Kampuni hizo zinaweza kuwa na msaada, lakini mfano wa mwaka 2015 unatufundisha kwamba uamuzi wa kuacha kuuza programu hufanywa katika ofisi ambayo sisi hatumo. Mwenye nakala yake kwa muundo ulio wazi anaweza kuhama wakati wowote. Asiye nayo ni mpangaji.

Wajibu wa shule

Napendekeza kwamba pale ambapo mwanafunzi anapewa kazi ya kuandika mti wa ukoo, apewe pia kazi ya kuuhamisha: autoe, auingize, ahesabu, achague kwa kura, akague, na aandike ripoti ya kile alichokikuta, kikiwemo kilichopotea. Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya zoezi hilohilo kwa daftari mbili. Mwanafunzi wa kwanza aandike familia kwa vichwa vya habari vyake, wa pili ainakili kwa vichwa tofauti, na wa tatu ajaribu kuirudisha kama ilivyokuwa mwanzo. Watakachokipoteza kati ya safari ya kwenda na ya kurudi kitawafundisha maana ya neno data kuliko maelezo mengi ya ubaoni.

Tabia hii ikishajengeka haitaishia kwenye nasaba. Orodha ya wagonjwa wa zahanati, rejista ya shule, na vipimo vya mvua vya kituo cha hali ya hewa, vyote huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, na vyote huweza kupungua bila kelele. Lakini naona ni vyema kuanza na nasaba, kwa sababu mwanafunzi anawajua watu hao kwa sura. Akikuta kwamba dada ya bibi yake hayumo katika hesabu mpya, hatasema kwamba ni kosa la tarakimu moja. Atasema kwamba bibi mdogo amepotea, na atarudi nyuma kumtafuta wakati nakala ya zamani bado iko mkononi mwake.